Nywele za mbele zinarudi nyuma na ngozi inabaki laini: ripoti ya kipimo inasema nini?

*"Daktari, nina miaka 56 na hedhi ilikoma miaka mitano iliyopita. Nywele zangu za mbele zimekuwa zikirudi nyuma kidogo kidogo, zikaanzia kwenye panja na sasa zimefika katikati ya paji la uso. Nyusi zilianza kupukutika mapema zaidi, nikadhani ni umri. Msusi wangu alisema ni misuko ya kubana, nikaacha kusuka mwaka mzima, lakini hali iliendelea. Mwishowe daktari wa ngozi alinitoa kipande kidogo cha ngozi kikapimwa. Ripoti inasema limfosaiti zimezunguka sehemu ya juu ya vinyweleo, kuna kovu la mviringo kuzunguka vinyweleo, tezi za mafuta zimetoweka, na baadhi ya vinyweleo vimebaki nyuzi za kovu tu. Nimeambiwa ni alopesia ya mbele yenye kovu. Sijawahi kuumia wala kuungua kichwani. Hilo kovu limetoka wapi? Je, nimejiletea mwenyewe? Nywele zitarudi nikipaka mafuta ya kuotesha, au nikipandikiza? Na binti yangu naye atapata?"*

Mama, pole kwa yaliyokupata, na umefanya vizuri kunakili maneno ya ripoti yenyewe badala ya kuniambia tu kwamba nywele zinakatika. Maneno yale yanatosha kunieleza mengi. Katika maswali yako nasikia hofu mbili: kwamba umejiharibu kwa mikono yako, na kwamba dawa ya kurudisha nywele ipo mahali fulani na wewe unachelewa kuifikia. Ya kwanza uiondoe moyoni. Ya pili ina ukweli ndani yake, ila si ule unaodhani, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Msusi wako hakushuku bure. Kubana na kuvuta nywele kwa miaka huziharibu za kingoni, na mwisho wake kunaweza hata kuacha kovu. Lakini nywele zilizoondoka kwa kuvutwa huacha dalili zake. Mara nyingi mbele kabisa hubaki ukingo mwembamba wa nywele fupi, kwa sababu zile fupi hazikuingia kwenye msuko, basi hazikuvutwa. Kwenye ugonjwa wako ukingo wenyewe ndio unaotangulia kuondoka, pamoja na malaika zake, yaani vile vinywele laini, na ngozi inabaki tupu hadi pale nywele nene zinapoanza ghafla. Kisha kuna nyusi, na nyusi hakuna anayezisuka. Tatu ni ile ripoti: nywele zikiharibiwa na kuvutwa, tezi za mafuta kwa kawaida hubaki, na seli za kinga zinazoleta uvimbe huwa chache. Kwako tezi zimekwenda na limfosaiti, ambazo ni seli hizo za kinga, zimejaa. Sisemi kwamba kuvuta nywele hakuna neno. Mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili, na kichwa chenye ugonjwa huu hakihitaji mzigo wa ziada. Nasema tu kwamba siyo misuko iliyouleta.

Wala si fangasi, ingawa yale magamba madogo yanayozunguka nywele huwafanya wengi wapewe dawa za fangasi kwa miezi. Hauambukizi, si saratani, na hautokani na uchafu.

Sasa hilo kovu. Tukisema kovu, watu hufikiria jeraha lililopona. Hapa juu ya ngozi hapakuwahi kuwa na jeraha. Kovu limejengeka ndani, kuzunguka kinyweleo kimoja kimoja, huku ngozi iliyo kati ya kinyweleo na kinyweleo ikiwa haijaguswa sana. Ndiyo maana hukuona kidonda, hukutoka usaha wala damu, na bado darubini imekuta kovu.

Kinyweleo si shimo tu la kutokea nywele. Ni kiungo kidogo chenye sehemu zake. Juu kuna mdomo unaofunguka kwenye ngozi. Chini kabisa, ndani ya ngozi, kuna tunguu, mahali nywele inapotengenezwa. Kati ya hizo mbili, chini kidogo ya pale tezi ya mafuta inapomwaga mafuta yake, karibu na pale kimsuli kinachosimamisha nywele wakati wa baridi kinaposhika, kuna kituta kidogo. Hapo ndipo zinapokaa seli shina, yaani seli zinazozaa nyingine. Kumbuka kituta hicho, kwa sababu ugonjwa wako wote unahusu mahali hapo.

Nywele haikui mfululizo maisha yote. Ya kichwani hukua kwa miaka kama 2 hadi 6, husimama kwa wiki chache huku sehemu ya chini ya kinyweleo ikisinyaa, hupumzika miezi kama mitatu, kisha hudondoka na mpya huanza. Kila mzunguko mpya unapoanza, sehemu ya chini hujengwa upya, na wajenzi hutoka kwenye kile kituta. Nyasi zikifyekwa huota tena maadamu mzizi u hai. Kwa nywele, mzizi wa maana hiyo si tunguu la chini kama watu wanavyofikiri, ni kituta cha katikati.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini watu wawili wanaweza kupoteza nywele kwa sababu ya kinga ya mwili, mmoja zikarudi na mwingine zisirudi. Kuna ugonjwa mwingine unaoleta mabaka ya duara yasiyo na nywele. Huko limfosaiti hushambulia tunguu la chini. Nywele hudondoka, lakini kituta kiko salama, kwa hiyo hata baada ya muda mrefu nywele zinaweza kuota tena. Kwako limfosaiti zimezunguka sehemu ya juu. Tunguu la chini linaachwa, kituta kinashambuliwa. Mstari ule mmoja kwenye ripoti yako, "sehemu ya juu ya vinyweleo", ndio mzito kuliko yote.

Kwa kawaida kituta kina ulinzi wake. Seli zake hujificha kwa kupunguza zile alama za juu ambazo kinga ya mwili huzitumia kukagua nani ni nani. Katika ugonjwa huu, na katika ndugu yake laikeni planopilarisi, ambaye kwa darubini karibu hawatofautiki, ulinzi huo huporomoka. Seli shina zinaonekana, limfosaiti zinakuja, na nyingi kati yake ni zile zenye kazi ya kuua seli moja kwa moja. Kemikali za limfosaiti hizo, hasa intaferoni gama, huzidi kuzianika seli za kituta, na zikianikwa huvuta limfosaiti nyingine. Mduara huo ukishashika unajiendesha wenyewe. Nini hasa huuanzisha, sayansi bado haijatatua.

Seli zinapokufa, mwili hufanya unachokijua: unaziba. Seli zinazotengeneza nyuzi za ngozi huweka kolajeni, yaani nyuzi hizo, tabaka juu ya tabaka kukizunguka kinyweleo. Hilo ndilo "kovu la mviringo" la ripoti. Tezi za mafuta huwa kati ya vitu vya mwanzo kutoweka, na mpatholojia akikuta hazipo huanza kuwaza ugonjwa wa kovu hata kabla hajaliona kovu lenyewe. Nywele hubaki imebanwa ndani ya mkanda huo hadi ukuta wa kinyweleo uvunjike. Mwisho wake kinabaki kile ulichosomewa: uzi wa kovu unaoshuka ndani ya ngozi kufuata njia ileile ambayo kinyweleo kilipita. Hapo hakuna tena kituta, wala mdomo juu ya ngozi. Ndiyo sababu paji lako la juu linang'aa na ni laini kuliko lile la chini ulilozaliwa nalo, na ukilitazama kwa kioo cha kukuza huoni vitundu. Ngozi hiyo pia huwa nyembamba kidogo, basi mishipa ya damu inaweza kuonekana zaidi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, wakati mwingine hutangulia mabaka meusi au ya kijivu usoni na shingoni.

Kwa nini mbele na kwenye nyusi? Ugonjwa huu una tamaa ya vinyweleo vidogo, vya malaika na vya nywele nyembamba, na hivyo viko kwa wingi kwenye ukingo wa nywele, pembeni mwa masikio, kwenye nyusi na usoni. Baadhi ya wagonjwa hupata vipele vidogo vidogo usoni visivyouma, na vikipimwa hukutwa ni ugonjwa uleule kwenye malaika za uso. Nywele za mikono na miguu nazo zinaweza kupungua. Jitazame, wengi hawajui hadi waulizwe.

Aliyeueleza kwanza ni Steven Kossard wa Australia, mwaka 1994, kwa wanawake 6 waliokwisha koma hedhi. Tangu hapo wagonjwa wanaotambuliwa wameongezeka sana duniani, na imeonekana si ugonjwa wa wanawake waliokoma hedhi pekee. Katika mapitio ya wagonjwa 355 yaliyochapishwa Hispania mwaka 2014, wanawake walikuwa 343 na wanaume 12, na baadhi ya wanawake hao walikuwa bado wanapata hedhi. Bado, mtu wa umri na historia yako ndiye tunayemwona mara nyingi zaidi.

Umesikia pengine kwamba krimu za kujikinga na jua ndizo zinazoleta. Tafiti zilizotumia madodoso zimekuta kwamba wenye ugonjwa huu huzitumia zaidi kuliko wengine. Hiyo si sawa na kuonyesha kwamba zinausababisha. Mtu anayeona ngozi mpya ya paji imekaa wazi juani ana sababu nzuri ya kuipaka. Mgonjwa akiniuliza, humwambia asiache kujikinga; kofia inatosha sehemu kubwa ya kazi, na akitaka krimu achague ile ya zinki oksaidi, asiipake hadi ndani ya nywele. Ni tahadhari tu, siyo tiba.

Tuje kwenye swali la kurudi. Pale ambapo kinyweleo kimegeuka uzi wa kovu, hakuna mafuta, kidonge wala sindano itakayokirudisha. Anayekuuzia mafuta ya kufungua vinyweleo vilivyoziba anazungumzia kitu ambacho ngozini mwako hakipo, kwa kuwa hapakuziba mlango. Chumba chenyewe kimeondoka. Baadhi ya mafuta hayo huwasha ngozi, na ngozi yako tayari imewaka. Na minoksidili? Hiyo ni dawa ya kweli, lakini kazi yake ni kuzinenepesha na kuzirefushia muda nywele zilizo hai. Haizimi uvimbe. Daktari anaweza kukuongezea ili zilizobaki zifunike vizuri, ila ukiitumia peke yake ugonjwa utaendelea kutembea chini yake.

Kwa hiyo tiba hailengi ngozi tupu. Inalenga mstari wa mwisho wa nywele zilizosimama. Ukizitazama karibu, nywele zenye wekundu au weusi kwenye shina, magamba meupe yanayozivaa kama pete, mwasho au moto unapogusa, hizo ziko vitani na bado zinaweza kuokolewa. Hata zile nywele moja moja zilizobaki peke yake mbele, katikati ya ngozi tupu, zinatuonyesha ukingo wako wa zamani ulikuwa wapi. Wagonjwa wengi hutumia pesa na miezi kuishughulikia sehemu iliyokwisha kufa huku sehemu inayokufa leo haina anayeitazama.

Kuhusu dawa nitakuwa mkweli: ushahidi mwingi tulio nao unatokana na kufuatilia makundi ya wagonjwa, si majaribio makubwa yenye kulinganisha dawa na dawa. Wataalamu wawili wazuri wanaweza kuanza na dawa tofauti na wote wakawa sahihi.

Steroidi kali ya kupaka ndiyo mwanzo wa kawaida. Inapunguza mwasho na wekundu, ila ngozi ya paji ni nyembamba na ikipakwa muda mrefu huzidi kukonda, kwa hiyo hupewa kwa vipindi, au hubadilishwa na takrolimasi ambayo haikondeshi. Sindano za triamsinoloni kwenye ukingo wa nywele hufika pale kituta kilipo, jambo ambalo krimu hulifanya kwa shida. Kasoro yake ni vishimo vya ngozi ikiwa dozi ni kubwa au sindano ni za karibu karibu. Kwa nyusi, sindano hizo zikianza mapema wakati mwingine huleta nywele zilizodhaniwa zimekwisha.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, finasteraidi au dutasteraidi ndizo zilizoonyesha matokeo mazuri zaidi kwenye mapitio ya wagonjwa wengi, lile la 2014 likiwamo. Hazikusajiliwa kwa ugonjwa huu, na hatujui vizuri kwa nini zinasaidia; huenda zinatuliza ugonjwa wenyewe, huenda zinatibu kukonda kwa nywele kwa umri kunakokwenda pamoja nao. Mwanamke anayeweza kushika mimba hapaswi kuzitumia kwa sababu zinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kwako hilo halipo, lakini mwambie daktari kama umewahi kuwa na saratani ya matiti au kama iko kwenye ukoo wenu. Haidroksiklorokwini hutuliza kinga ya mwili na hupewa pia; inachukua miezi kuonekana, dozi ya siku haipaswi kupita miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na macho lazima yapimwe mwanzoni na yaendelee kufuatiliwa. Doksisaiklini hutumika kwa nguvu yake ya kupunguza uvimbe, si kwa kuua bakteria. Inachokoza tumbo na inaifanya ngozi iungue kwa jua upesi.

Nikiangalia ulichoandika, na bila kukuona, ningependa kumsikia daktari wako akizungumzia sindano za ukingoni pamoja na finasteraidi au dutasteraidi. Kama ana sababu ya kutozichagua, muulize. Huenda ana ripoti ya damu au historia yako ambayo mimi sina.

Kupandikiza, mama, usikimbilie. Nywele zinazohamishwa kutoka kisogoni huja na vituta vyake, na kinga inaweza kuvishambulia vilevile. Wapo waliopandikizwa zikaota vizuri, wakafurahi, kisha baada ya miaka michache zikapungua moja moja. Wapasuaji waangalifu hutaka kwanza ugonjwa uwe umetulia kwa mwaka mmoja au miwili bila dalili yoyote, na hata hapo hukueleza kwamba hawatoi ahadi. Anayekubali kukupandikiza mwezi ujao bila kuisoma ripoti yako, mkimbie. Kuchora nyusi, kuvaa wigi lisilogundishwa kwenye ukingo, au kubadilisha mtindo ili nywele ziangukie mbele, hayo hayauzidishi ugonjwa hata kidogo, na sioni kwa nini mtu aone haya kuyafanya.

Njia ya kujua kama dawa inafanya kazi ni kupima. Chukua utepe wa kupimia, pima kutoka katikati ya nyusi, kwenye mzizi wa pua, hadi nywele ya kwanza nene, kisha pima pia kwenye panja zote mbili. Andika tarehe. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na piga picha mahali palepale kwa mwanga uleule. Usipime kila wiki. Utajitia wazimu na tofauti za milimita. Kipimo kisichobadilika kwa mwaka ni ushindi katika ugonjwa huu, hata kama kioo hakikuonyeshi nywele mpya. Kuna wagonjwa ambao ugonjwa huzimika wenyewe baada ya miaka kadhaa, lakini hakuna anayeweza kukuambia leo kwamba wewe ni mmoja wao, na kinachopotea wakati wa kusubiri hakirudi.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona ukingo unarudi nyuma kwa kasi, moto au maumivu ya kichwani yanakunyima usingizi, au vidonda na utando mweupe mdomoni au sehemu za siri, kwa sababu ndugu mwingine wa ugonjwa huu, laikeni planasi, hupenda huko na anaweza kuacha makovu. Usaha na vipele vinavyouma kichwani vinaelekeza kwenye ugonjwa mwingine, huenda ukahitaji kipimo kipya. Ukianza haidroksiklorokwini na maandishi yakaanza kupotea sehemu unaposoma, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo. Muombe pia daktari akupime tezi ya shingo, maana matatizo yake huonekana mara nyingi kwa wagonjwa hawa.

Jambo dogo kuhusu kipimo, endapo siku moja litatakiwa kurudiwa: kipande kitolewe pale penye nywele zenye wekundu au magamba, kipana kama milimita 4, kishuke hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kikitolewa kwenye ngozi tupu kitaonyesha kovu bila kuonyesha lililolisababisha. Kwa ripoti uliyoninakilia, daktari wako alijua pa kuchagua.

Kuhusu binti yako. Ziko familia ambamo mama na binti, au dada na dada, wote wanao. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta maeneo manne yanayohusika, kubwa likiwa kwenye kundi la jeni za HLA, zilezile zinazotengeneza alama ambazo kituta hujaribu kuzificha. Lakini kuwa na jeni ya aina inayohusika si kuwa na ugonjwa. Wanayo watu wengi ambao nywele zao za mbele ziko salama hadi uzeeni. Simshauri apimwe vinasaba wala aanze dawa yoyote. Mwambie tu ajue nyusi zake zilivyo sasa, na zikianza kukonda upande wa nje bila yeye kuzing'oa, au ukingo wa nywele ukianza kuwasha, aende kwa daktari wa ngozi akiwa na nakala ya ripoti yako mkononi.